Kufanana si Kulingana: Funzo la Bamba la Bastola

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii nimeifundisha madarasani kwa miaka mingi, nikiitolea mifano ya ndoa, ya siasa na ya vitabu vyenye majalada ya kupendeza. Hata hivyo, maana yake haikupata kunikaa moyoni barabara mpaka siku niliyojikuta nimeinama juu ya meza ya karakana, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, nikikitazama kipande cha madini chenye upana wa vidole viwili hivi na unene wa sarafu chache. Kipande hicho kilikuwa bamba la kufungia kioo cha kulengea juu ya bastola.

Najua msomaji ataguna. Mwalimu wa isimu na bastola wapi na wapi? Nami ningeguna vivyo hivyo. Sina bastola, sijapata kuitamani, na hapa kwetu Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kuwa nayo pasipo cheti. Huko Marekani mambo ni mengine. Haki ya raia kumiliki silaha imo katika Katiba yao tangu mwaka 1791, na kulenga shabaha ni mchezo wa Jumamosi kama kandanda ilivyo kwetu. Ugomvi wao mkubwa kuhusu silaha nauacha mikononi mwao wenyewe. Nia yangu leo ni kusimulia jinsi kipande kidogo kilivyokaribia kumtoa mzee mmoja katika mchezo alioupenda, na jinsi alivyojifunza kukichagua. Naamini mwalimu na mwanafunzi watapata lao humo.

Nilikuwa nimealikwa na chuo kikuu kimoja cha huko nikafundishe Kiswahili kwa muda wa mwaka mmoja. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mzee aliyestaafu ualimu wa hesabu, ambaye wenzake darasani walikuwa na umri wa wajukuu wake. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mzee, jina alilolipenda mno baada ya kuelezwa kwamba kwetu uzee ni heshima wala si tusi. Mtihani wa mwisho wa muhula ulimtaka kila mwanafunzi azungumze kwa Kiswahili kwa dakika kumi kuhusu jambo analolijua vyema. Vijana walichagua mapishi, muziki na safari. Zamu ya Mzee ilipofika akasimama, akakohoa, akatangaza: "Mwalimu, mimi nitaeleza namna ya kuchagua sahani ya bastola."

Nilijitahidi kutocheka, nikashindwa. Mawazoni mwangu niliiona bastola imepakuliwa pamoja na wali na mchuzi. Kumbe alikuwa amefungua kamusi, akalikuta neno la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja, akaiokota ile ya kwanza. Nikamweleza kwamba sahani ni ya kulia, na kwamba kipande cha madini kilicho bapa tunakiita bamba. Akaandika. Kisha akanitajia vitu vingine kumi vya mtambo huo, nami nikakwama kabisa. Ndipo nilipofanya jambo ambalo kila mfasiri anapaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa: nilimwomba anionyeshe vitu vyenyewe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kabla ya kufika karakanani kwake, yafaa kwanza nieleze haja iliyomfikisha Mzee kwenye bamba. Bastola ya kawaida hulengwa kwa msaada wa vipande viwili vya chuma vilivyopandwa juu yake: kimoja kiko nyuma nacho kina pengo, kingine kiko mbele kama jino. Mlengaji hana budi kuliweka jino katikati ya pengo, kisha alipeleke jino hilo kwenye shabaha. Hivyo macho yake yana kazi ya kushughulikia vitu vitatu vilivyo katika masafa matatu, ilhali jicho la binadamu haliwezi kuvipata vyote kwa uwazi kwa wakati mmoja. Kijana hujimudu. Lakini kadiri umri unavyosonga, lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu huingia ukungu. Mzee alikuwa ameshiriki mashindano kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa lile jino la mbele lilimwonekea kama kivuli. Kwake yeye ukungu ule ulikuwa mfano wa barua ya kustaafishwa kwa mara ya pili.

Dawa ya tatizo hilo ni kioo cha nukta nyekundu. Ndani yake mna taa ndogo sana inayorusha mwanga kwenye kioo kilichopindwa kidogo na kupakwa utando maalumu. Kioo huurudisha mwanga huo machoni pa mlengaji kwa namna ambayo nukta huonekana kama inaelea huko mbali kwenye shabaha yenyewe. Mlengaji hutazama shabaha tu, macho yote mawili yakiwa wazi, na nukta humwonyesha mahali risasi itakapokwenda. Asili ya fikra hii ni ya kale: Howard Grubb, fundi wa mitambo ya macho kutoka Ireland, alibuni kilengeo cha kuakisi mwanga mnamo mwaka 1900. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kilengeo cha nukta kinachotumia umeme mwaka 1975. Baadaye vyombo hivi vilipunguzwa ukubwa hata vikaweza kukaa juu ya bastola, na kimoja kilichovuma sana, RMR cha kampuni ya Trijicon, kilitoka mwaka 2009.

Sasa linakuja swali la mahali pa kukifungia. Sehemu ya juu ya bastola nyingi za kisasa ni kipande kizito kinachoteleza nyuma kwa kasi risasi inapotoka, kikalitupa ganda tupu, kisha kikarudi mbele na risasi mpya. Katika mazungumzo yetu tulikubaliana kukiita kitelezi. Kioo hufungwa juu ya kitelezi hicho, maana yake ni kwamba kila risasi inapolia, kioo husukumwa nyuma kwa nguvu, husimamishwa ghafla, kisha hutupwa mbele na kusimamishwa tena. Fikiria televisheni iliyofungwa juu ya paa la matatu inayopiga breki kila mara. Kinachoizuia isianguke ni kile ilichofungiwa.

Laiti watengenezaji wangeafikiana, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini kila kampuni ya vioo ilijiamulia mpangilio wake wa matundu ya skrubu na vishimo vya chini. Waamerika huuita mpangilio huo unyayo wa kioo, na tamathali hiyo nimeikubali bila kinyongo, kwa kuwa ni alama ambayo kioo kingeiacha kama kingekanyaga udongo mbichi. RMR ina unyayo wake wenye matundu mawili ya skrubu na vishimo viwili upande wa mbele. Kioo cha Docter cha Ujerumani kilikuja na unyayo wa vishimo vinne pembeni. DeltaPoint Pro cha kampuni ya Leupold kina wake. ACRO cha Aimpoint hakifungwi kwa skrubu za kutoka juu hata kidogo, bali hubana kwa ubavu mithili ya koleo. Kuna na vioo vidogo vya kampuni ya Holosun vya jamii ya K, ambavyo unyayo wake unakaribiana na ule wa Shield RMSc lakini si ule ule. Msomaji alitie akilini neno hilo, unakaribiana, maana ndilo lililomponza Mzee.

Bamba basi ndilo mpatanishi. Uso wake wa chini hukaa juu ya kitelezi cha bastola, na uso wake wa juu hupokea unyayo wa kioo. Mwaka 2015 kampuni ya Glock ilianza kuuza bastola zenye nafasi iliyokatwa juu ya kitelezi pamoja na mabamba manne tofauti, ili mnunuzi achague lile linalokifaa kioo chake. Mwaka 2017 Jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer iliyopewa jina la M17, nayo ina bamba la juu linaloondoleka ili kioo kikae mahali pake. Hivyo bamba si kikorombwezo cha wapenda anasa. Limekuwa kiungo cha lazima kati ya vitu viwili vya bei kubwa, nalo lenyewe huwa la bei ndogo. Hapo ndipo mtego ulipo.

Mzee alikuwa ameingia mtegoni humo miezi miwili kabla ya mtihani wangu. Alinunua kioo cha sifa njema kwa fedha nyingi. Bastola alikuwa nayo ya siku nyingi, imekatwa nafasi tayari. Akiba ilipomwishia, akanunua bamba la bei ya chini kabisa, lililotengenezwa kwa alumini. Akalifunga mwenyewe jioni moja, akakaza skrubu kwa kukisia, akaridhika. Siku ya mashindano risasi tano za kwanza zilikwenda alikotaka. Baadaye mambo yakageuka. Moja ilipanda juu, nyingine ikaenda kushoto, ya tatu ikaikosa karatasi kabisa. Vijana aliokuwa akiwafundisha mchezo huo walimtazama kimya. Alirudi nyumbani akaifungia bastola sandukuni. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mwalimu, macho yamekwisha, na sasa mikono pia imekwisha. Nitaeleza sahani katika mtihani, halafu nitauza vitu vyote." Yale mazungumzo ya dakika kumi yalikuwa maneno yake ya kuaga.

Nilipofika karakanani kwake, jambo la kwanza alilolifanya ni kutoa magazini, kuvuta kitelezi nyuma na kunionyesha kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Risasi zenyewe alikuwa ameziacha chumba kingine. Ndipo tukaanza kazi yangu mimi, kazi ya majina. Nilikuwa na daftari. Kila alipogusa kitu niliuliza: hiki hufanya nini, hushikana na nini, hutoka vipi? Mtu wa isimu huuliza hivyo kuhusu viambishi, na mazoea ni mazoea. Tukapita kioo, tukapita taa, tukapita betri. Tulipofika kwenye bamba akasema kwa mkato: "Hili linakaa katikati tu."

"Linashikana na kioo kwa kitu gani?"

"Skrubu mbili."

"Na hivi vijiti viwili vilivyochomoza?"

"Vinaingia katika vishimo vya kioo."

"Vinaingia vikajaa, au vinaingia vikabaki na nafasi?"

Mzee alinyamaza. Akachukua bisibisi, akafungua. Skrubu ya kwanza ilitoka kwa urahisi uliomtisha, kwa kuwa meno ya tundu lake yalikuwa yamekwisha kulika. Akakiweka kioo juu ya bamba bila skrubu, akakisukuma kwa kidole. Kikacheza.

"Mwenye duka aliandika nini juu ya pakiti?" nikauliza.

"Kwamba bamba hili linafaa vioo vingi vya aina hii."

"Vingi, Mzee, au hiki?"

Hakujibu. Aliketi kwenye kigoda, akacheka kicheko cha mtu aliyeondolewa mzigo mabegani. Mikono yake haikuwa na hatia. Macho yake nayo hayakuwa na hatia zaidi ya ile ya umri. Vijiti vya bamba vilifanana na vile vilivyotakiwa, lakini havikulingana navyo. Kwa kuwa havikujaa katika vishimo, mshindo wote wa kila risasi uliangukia skrubu mbili nyembamba, na skrubu zikaila alumini laini kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Hapo ualimu wake wa hesabu ukaamka. Akasimama kwenye ubao mdogo ulioko ukutani akaandika. Tuseme urefu wa kioo juu ya bamba ni milimita 40. Tuseme mwisho wake wa nyuma umeinuka kwa milimita 0.1 tu, unene wa karatasi moja ya kawaida ya kuandikia. Gawanya 0.1 kwa 40, unapata moja ya mia nne. Sasa shabaha iko umbali wa mita 25. Gawanya mita 25 kwa mia nne: sentimita 6.25. Karatasi moja chini ya kioo humhamisha mlengaji kwa zaidi ya sentimita sita, na kwa kuwa ni nyuma ndiko kulikoinuka, risasi hupiga juu. Mwalimu yeyote wa hesabu anayesoma makala haya anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hiyo kesho asubuhi, pasipo kutaja bastola. Ni pembe ile ile ya ngazi iliyoegemezwa ukutani.

Tulikaa siku hiyo hadi usiku tukiorodhesha yanayofaa kuulizwa kabla ya kununua bamba. Nitayaeleza kama alivyoyaeleza Mzee, kwani ujuzi ulikuwa wake, mimi nilikuwa karani.

Swali la kwanza ni la majina mawili kamili. Bamba lina nyuso mbili, basi mnunuzi anapaswa kujua jina kamili la bastola, pamoja na aina ya nafasi iliyokatwa juu yake, na jina kamili la kioo, hadi herufi ya mwisho. Bamba linalotajwa kwa majina hayo mawili ndilo la kutafutwa. Lile linalotangazwa kuwa linafaa vingi ni la kutiliwa shaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Swali la pili ni la madini. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma cha pua, na wepesi ni jambo jema juu ya kitu kinachorudi nyuma na mbele. Lakini bamba ni jembamba, na meno ya skrubu ndani yake ni machache. Katika chuma cha pua meno hayo hushika imara na hustahimili kufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi. Kwa kitu chembamba namna ile, gramu chache za ziada ni bei nafuu ya utulivu.

Swali la tatu ni la vijiti na kingo. Kazi ya skrubu ni kukivuta kioo chini kikae. Kazi ya kuzuia mshindo wa nyuma na mbele ni ya vijiti na ya kingo za bamba. Kioo kikiwekwa bila skrubu, kisicheze hata kidogo. Kikicheza, hakuna kukaza kutakakokiponya.

Swali la nne ni la skrubu zenyewe. Ikiwa fupi mno hushika meno mawili matatu tu ikang'oka. Ikiwa ndefu mno hupenya hadi ndani ya kitelezi. Katika baadhi ya bastola, Glock zikiwemo, chini ya skrubu ya upande wa kulia hupita mfereji wa kipande kinachokisukuma kidude cha kung'oa ganda. Skrubu ndefu ikikigusa, ganda halitoki na bastola hukwama. Kwa hiyo skrubu zinunuliwe pamoja na bamba, za bamba hilo na kioo hicho, wala zisiokotwe katika kopo la karakana.

Swali la tano ni la kimo. Kila milimita ya bamba hukipandisha kioo juu. Kikipanda mno, vile vipande vya chuma vya asili havionekani tena ndani ya kioo, na siku betri itakapokufa mlengaji hana pa kushika. Bamba jembamba, pamoja na jino la mbele lililorefushwa kidogo, humwachia akiba. Tena betri yenyewe itazamwe. Katika RMR hukaa chini ya kioo, juu ya bamba lenyewe, basi bamba lisilo bapa sawasawa huacha mwanya wa maji na jasho. Na kwa kuwa kuibadilisha hulazimu kukifungua kioo, mwenyewe ajue kwamba kila betri mpya inadai ukaguzi mpya wa shabaha.

Yapo pia ya kufanywa baada ya kununua. Mafuta yote husafishwa kwa spiriti kwenye skrubu na matundu, yakakauka. Tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayoruhusu kufunguliwa baadaye, hutiwa kwenye meno. Kisha skrubu hukazwa kwa bisibisi yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, ambayo aghalabu ni paundi-inchi 12 hadi 15, yaani kama nyutoni-mita 1.4 hadi 1.7. Mwisho, mstari mdogo wa rangi huchorwa toka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kioo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka, na mwenyewe huliona jambo hilo kabla ya kuaibika mbele za watu.

Nilimuuliza Mzee kama hakuna njia ya kuepuka bamba kabisa. Alisema zipo. Kitelezi chaweza kupelekwa kwa fundi kikachongwa unyayo wa kioo moja kwa moja. Kioo hukaa chini zaidi, na vipande vya kulegea hupungua. Lakini umefunga ndoa isiyo na talaka, kwa kuwa kioo cha unyayo mwingine hakitakaa hapo. Ipo njia nyingine ya kuweka bamba kwenye mfereji wa kilengeo cha nyuma bila kuchonga lolote. Hiyo ni rahisi, lakini kioo hupanda juu na hushikiliwa na sehemu ndogo tu. Mwaka 2025 Aimpoint na Glock zilileta kioo kiitwacho COA kinachoingia katika nafasi iliyochongwa kwa ajili yake peke yake, pasipo bamba la kati. Mzee, ambaye bado tunaandikiana barua, alinijulisha habari hiyo kwa Kiswahili sanifu na kosa moja tu la ngeli.

Aliposema sanifu nilikumbuka historia yetu wenyewe. Sisi nasi tulikuwa na nyayo nyingi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akajenga kazi yake juu ya Kimvita. Askofu Edward Steere akajenga yake juu ya Kiunguja. Vitabu vilivyofanana havikulingana, na mtoto wa shule ndiye aliyecheza katikati kama kioo juu ya bamba la Mzee. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha tahajia. Wapo wanaonung'unika hadi leo kwamba Kimvita kilidhulumiwa, na hoja zao zina uzito. Watengenezaji wa vioo hawajafikia hata hapo pa kuwa na mkutano wa kulaumiwa.

Mzee alinunua bamba jipya la chuma cha pua, lililotengenezwa kwa bastola yake na kioo chake, kwa bei isiyofika hata sehemu ya tano ya bei ya kioo. Siku ya mtihani alisimama mbele ya vijana wale, akachora nyuso mbili za bamba ubaoni, akasema sentensi niliyoinakili daftarini mwangu: "Bamba la kwanza lilifanana na unyayo wa kioo changu, lakini halikulingana nao." Ngeli zilikuwa sahihi kote. Vitenzi viwili vyenye umbo moja la mwisho alivitenga kwa maana bila kusaidiwa. Nilimpa alama za juu kabisa, na sikumpendelea. Bastola hakuiuza. Wiki tatu baadaye alirudi kwenye mashindano, hakushinda, akarudi nyumbani kwa furaha kwa kuwa kila alipokosa alijua kwamba amekosa yeye.

Walimu wenzangu, mimi nimebaki na swali moja kila ninapoingia darasani. Tunanunua vitabu vizuri, na watoto tunao wenye vipaji. Mtoto anapokosa shabaha, tunafanya haraka kusema kwamba macho yake yamekwisha, au mikono yake haifai, naye hutuamini, akaifungia akili yake sandukuni. Ni mara ngapi tumeinama kukikagua kile kilicho katikati, yaani lugha tunayomfundishia, mfano tunaompa, na sisi wenyewe? Huenda tunafaa wengi. Je, tunamfaa huyu? Siku nyingine mwanafunzi wako akishindwa, kabla ya kumpigia mstari mwekundu, kisukume kioo kwa kidole uone kama kinacheza.